SOMO: KWA NINI MWEZI WA SITA NI BARIDI LUBUMBASHI?



Kila mwaka baridi ya mwezi wa sita ikiingia Lubumbashi, maneno ni mengi. Mmoja anasema jua limekwenda mbali. Mwingine anasema kuna mtu aliyefunga mvua, na macho yote yanamgeukia mzee wa jirani. Inafaa tujue ukweli, kwa maana neno la namna hiyo linavunja jamaa na kumfukuza mtu asiye na kosa.

1. Je, ni umbali wa jua?

Ni kweli, mwanzoni mwa mwezi wa saba dunia iko mbali zaidi na jua, kilometa milioni 152 hivi. Mwanzoni mwa mwezi wa kwanza ni milioni 147. Lakini mwezi huohuo wa saba watu wa Ubelgiji wako katika joto lao. Kama umbali ungekuwa sababu, sisi na wao tungesikia baridi pamoja.

2. Sababu yenyewe

Dunia inalizunguka jua mwaka mzima ikiwa imeinama, digrii 23 na nusu hivi, nayo haigeuzi upande wa kuinama. Kwa hiyo mwezi wa sita kaskazini ndiyo inayolielekea jua. Mwezi wa kumi na mbili ni zamu yetu sisi wa kusini.

Chukua tochi usiku, umulike meza. Ukiishika wima, mwanga unakusanyika na kung'aa. Ukiiinamisha, mwanga uleule unatawanyika na kufifia. Ndivyo lilivyo jua. Tarehe 21 mwezi wa sita, saa sita mchana, Lubumbashi linapanda digrii 55 tu. Tarehe 21 mwezi wa kumi na mbili linafika 78. Mchana nao unakuwa mfupi kwa zaidi ya saa moja. Tena mji uko juu, mita 1.200 hivi, na usiku bila mawingu joto linatoroka upesi.

3. Na mvua?

Mvua inafuata jua. Mwishoni mwa mwezi wa kumi jua linapita juu kabisa ya vichwa vyetu. Joto linazidi, hewa inapanda, mawingu yanajikusanya. Kisangani iko karibu na ikweta, basi haikosi mvua muda mrefu. Huko Uele, kaskazini, kiangazi kinaingia mwezi wa kumi na mbili, wakati sisi tunalima katika matope. Inchi ni moja, majira ni mbalimbali.

Siku ya mvua ya kwanza inabadilika mwaka kwa mwaka, kwa sababu upepo na unyevu navyo vina kazi yao. Mkulima mwenye akili hamalizi mbegu zote kwa mvua moja. Lakini hakuna mkono wa jirani unaoinamisha dunia.

Maswali ya kikundi

1. Tochi inatufundisha nini?
2. Kwa nini Uele na Lubumbashi hawapati kiangazi wakati mmoja?
3. Tutamjibu nini anayemshitaki mzee kwamba amefunga mvua?