Si kila gundi hukauka: vitenzi vya kunata katika karakana za Bogoro

Katika mazoezi ya tafsiri tumezoea kutafuta neno moja la Kiswahili kwa kila neno moja la Kifaransa. Makala hii inachunguza mahali ambapo zoea hilo huharibu kazi ya fundi: maelezo yaliyoandikwa kwenye bomba la gundi.

Nimechukua mfano wa Bogoro, katika eneo la Irumu, kilomita zipatazo 25 kutoka Bunia, kwenye barabara iendayo Kasenyi na Ziwa Albert. Wengi nje ya Ituri wanakijua kijiji hiki kwa shambulio la tarehe 24 Februari 2003 tu. Katika kesi ya Germain Katanga, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa amri ya fidia tarehe 24 Machi 2017, na miongoni mwa fidia za pamoja iliweka msaada kwa shughuli za kipato. Kipato cha fundi mdogo hutegemea kazi isiyorudishwa na mteja. Kiraka kikibanduka kati ya Bogoro na Kasenyi, dereva wa pikipiki na abiria wake ndio wanaolipa.

Gundi, ambayo wengi wetu tunaiita kole kwa kufuata Kifaransa colle, huja na maelezo ya Kifaransa, Kiingereza au Kichina. Anayejua kusoma humfasiria mwenzake papo hapo, na kitenzi cha kwanza kumtoka ni kile kile: «Paka, acha ikauke.» Hoja yangu ni kwamba kukauka ni njia moja tu ya gundi kuwa ngumu, na mfasiri asiyejua njia nyingine atatoa agizo la uongo kwa Kiswahili safi.

1. Nomino moja, vitenzi vingi

Kiswahili kina nomino chache za jambo hili, lakini vitenzi vyake ni vingi: kunata, kuganda, kunasa, kuambata, kushikamana, kubandika. Wanafunzi wa mofolojia watakumbuka kwamba E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alikitenga kiambishi chenye -t- kinachobeba maana ya mgusano: kamata, fumbata, pakata, ambata. Katika vitenzi hivi vitu viwili hugusana na kushikana. Hata istilahi yetu kiambishi imetoka katika mzizi huo wa kuambata.

Tuanze na ulimbo, utomvu wa kunasia ndege. Ulimbo hunata, lakini haugandi. Ukiganda, hauwezi tena kumnasa ndege. Utepe wa kubandikia hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo, kwani hubaki laini na kushika kwa kukandamizwa. Kwa hiyo kunata na kuganda ni mambo mawili, na gundi nyingi za kiwandani zinahitaji yote mawili kwa mpangilio: kwanza inate ikiwa majimaji, kisha igande.

2. Njia nne za kuganda

Njia ya kwanza ni kukauka kweli. Gundi nyeupe ya seremala ina maji. Maji yanaingia katika vitundu vya mbao na kupotea hewani, na kinachobaki kinaunganisha. Ndiyo maana mguu wa kiti hubanwa kwa kamba au jiliwa mpaka maji yatoke. Ndiyo maana pia gundi hiyo haifai kwa vyuma viwili: maji hayana pa kutokea. Aina nyingi zake hulegea tena zikilowa, kwa hiyo kiti cha kukaa nje kwenye mvua kinataka gundi nyingine.

Gundi ya viatu na ile ya viraka vya mpira hukauka pia, lakini kwa wakati tofauti. Ndani yake mna mpira ulioyeyushwa katika kiyeyushi. Hupakwa, huachwa mpaka kiyeyushi kiruke, na hapo ndipo vitu hubandikwa. Kwa seremala, kukauka ni mwisho wa kazi, lakini kwa fundi viatu ni katikati yake. Anayebandika soli ikiwa bado mbichi hufungia kiyeyushi ndani, na soli huteleza. Mvuke wa kiyeyushi hicho hudhuru, kwa hiyo agizo la kufungua mlango na dirisha lisiachwe nje ya tafsiri.

Njia ya pili ni kupoa. Vijiti vya gundi vinavyoyeyushwa kwa moto havipotezi maji wala kiyeyushi, bali vinarudi kuwa vigumu vikipoa.

Njia ya tatu ni kuchanganywa. Epoksi huja katika mirija miwili, mmoja wa gundi na mwingine wa dawa ya kukazia. Vikichanganywa kwa kipimo, hujenga kitu kipya. Hapa hakuna kinachokauka. Kuianika epoksi upepo uipige hakusaidii kitu, na kuongeza dawa ili «ikauke haraka» huharibu kipimo na kudhoofisha kiungo.

Njia ya nne ndiyo inayokanusha kabisa tafsiri yetu. Gundi ya haraka, inayoitwa supaglu, ni sianoakrilati. Harry Coover na wenzake waliikuta Marekani mwaka 1942 katika utafiti wa wakati wa vita, na kampuni ya Eastman Kodak ikaiuza kuanzia mwaka 1958. Gundi hii huganda kwa kukutana na unyevu mdogo ulio juu ya vitu na hewani. Yaani agizo la «acha ikauke» linasema kinyume cha kinachotokea. Tone dogo lililobanwa kati ya nyuso mbili huganda mara moja, lakini tone nene lililoachwa wazi hukawia.

3. Uso wa kitu

Swali la kila siku ni: «Gundi ipi ina nguvu?» Swali hilo halijakamilika. Kabla ya kunata, gundi lazima itandae juu ya kitu na kukilowesha. Majimaji hutandaa vizuri pale mvutano wa uso wake unapokuwa mdogo kuliko nguvu ya uso wa kitu. Maji yana takriban milinyutoni 72 kwa mita, epoksi nyingi huzidi 40, ilhali polietileni ina kama 31 tu. Dondosha tone la maji juu ya bidoni ya plastiki, na litabaki limeviringika kama shanga. Epoksi nayo haitatandaa vema hapo, hata iwe na nguvu kiasi gani kwenye chuma. Chupa nyingi za supaglu hutengenezwa kwa polietileni kwa sababu hiyo, pamoja na kwamba plastiki hiyo huzuia unyevu kuingia.

Bidoni iliyopasuka basi haiungwi kwa gundi ya kawaida. Huyeyushwa kwa chuma cha moto mpaka plastiki mbili ziwe moja. Tofauti hii ina faida darasani. Lugha kama yetu huitwa kwa Kifaransa agglutinante, kutoka Kilatini gluten, yaani gundi: katika wa-me-i-bandu-a kila kipande kinaonekana, kama mbao mbili zilizoungwa. Lakini wa- na -ingi hutoa wengi, na mpaka wao umeyeyuka kama plastiki ya bidoni. Sitiari ya gundi inaeleza sehemu kubwa ya Kiswahili, si yote.

4. Imebanduka au imekatika?

Kiungo kikishindwa, fundi aangalie pande zote mbili. Gundi ikibaki yote upande mmoja, na wa pili uko safi, basi imebanduka: haikunata. Tatizo ni uso, na dawa ni kusafisha mafuta, kukwangua kwa msasa, au kubadilisha aina ya gundi. Gundi ikionekana pande zote mbili, imekatika yenyewe: ilinata, lakini haikushikamana ndani yake. Labda ilipakwa nene, labda haikupewa muda wa kutosha.

Kifaransa hutofautisha adhésion na cohésion. Napendekeza tutumie kunata kwa la kwanza na kushikamana kwa la pili. Nomino mnato imekwisha kuchukuliwa na fizikia kwa uzito wa umiminikaji, na mshikamano tunautumia tayari katika uchambuzi wa matini, kwa maana inayokaribiana: sentensi zinavyoshikana zenyewe kwa zenyewe.

5. Zoezi

Tufasiri agizo hili la gundi ya viatu: «Appliquer sur les deux faces, laisser sécher 10 minutes, assembler.» Tafsiri ya neno kwa neno, «paka pande mbili, acha ikauke dakika 10, unganisha», haimwambii fundi ajue vipi kwamba wakati umefika. Mimi naandika: «Paka pande zote mbili. Ngoja kama dakika 10, mpaka ukigusa gundi isishike kidole. Kisha bandika na kandamiza kwa nguvu.»

Sasa chukua maneno «laisser sécher» na uyafasiri mara tatu: kwa gundi ya seremala, kwa epoksi, kwa supaglu. Kama majibu yako matatu yanafanana, rudi kwenye sehemu ya pili.