Paneli ya tatu na kontrola iliyokufa asubuhi

Masika yamekwisha, na wenye makonde ya Bumbwisudi, Dole na Mwera wameshaanza kutia maji. Kipupwe ndiyo zamu ya tungule, bamia na mchicha wa kupeleka Darajani na Mwanakwerekwe, na siku hizi napita visima vingi naona paneli za sola juu yake. Sishangai. Waliokuwepo hapa Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka Bara ulipoharibika na Unguja ikakaa kiza miezi mitatu, wanajua pampu ya umeme inavyogeuka pambo.

Kinachonisikitisha ni vifaa vinavyoungua kwa kukosa hesabu ya dakika tano.

Wiki iliyopita niliitwa kwa mkulima mmoja. Alikuwa na paneli mbili za wati 300, betri za volti 24 na kontrola ya chaji ya MPPT, ile inayogeuza volti za ziada za paneli kuwa ampea za betri, na pampu ikifanya kazi vizuri. Akapata paneli ya tatu kwa bei nzuri, akaiunga kwa mfuatano na zile mbili: chanya kwa hasi, jioni, ili kesho aanze mapema. Saa moja na nusu asubuhi kontrola ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, taa zikazima. "Bwana shamba, jua lenyewe lilikuwa halijapanda," akanambia. "Ingekuwa adhuhuri ningeelewa."

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Mgongoni mwa kila paneli pana karatasi, na ndani yake pana herufi Voc: ndizo volti za paneli isipokuwa na mzigo. Zake zilisoma 40. Mbili kwa mfuatano ni 80, tatu ni 120. Kontrola yake imeandikwa ubavuni kwamba mwisho wake ni volti 100. Na volti za paneli huwa juu zaidi paneli inapokuwa baridi. Mchana ikishapata moto hushuka. Asubuhi ya kipupwe, jua linapoanza tu kuipiga, ndiyo saa ya hatari.

Kwa hiyo volti zinakuja mwanzo. Jumlisha Voc za paneli zilizofuatana, ubaki chini ya kikomo cha kontrola, tena uache nafasi. Zikizidi, hakuna fundi wa kukuokoa.

Ndipo uje kwenye ampea. Chukua wati zote, gawa kwa volti za betri. Wati 600 kwa 24 ni ampea 25. Nunua kontrola ya 30. Wati 900 ni 37.5, nunua ya 40. Mkulima wetu alihitaji ya ampea 40 yenye kikomo cha volti 150, na zile paneli tatu zingekaa kwa mfuatano bila tatizo. Kuziunga zote sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kusingemsaidia: volti za kazi za paneli moja ya namna ile ni kama 32, zikishuka kwa joto zinashindwa kuzijaza vizuri betri za volti 24.

Na zile kontrola za bei ndogo, za PWM? Si mbaya, ila zina paneli zake. Paneli ya wati 100 iliyotengenezwa kwa betri ya volti 12 inaendana nayo sawasawa. Ukiifunga paneli ya wati 300 kwenye PWM na betri ya volti 12, ampea tisa zake zitapita, lakini volti zitaburutwa hadi za betri. Tisa mara 13: unapata kama wati 120. Wati zilizobaki umezilipia bure. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa na mfumo wa hivyo msimu mzima, nikiilaumu paneli.

Kontrola ikae kivulini, penye hewa, mbali na mbolea. Ile iliyoungua tulipoifungua tulikuta sisimizi wamejenga ndani. Unga betri kwanza, paneli baadaye. Ukifungua, paneli kwanza. Weka fyuzi karibu na betri. Paneli zitazame kibla, kwani sasa jua limeelekea huko, na uziinamishe kiasi cha digrii 10 ili mvua izioshe.

Wa karibu na pwani, jambo moja zaidi: maji ya jua hayana bili, na hapo ndipo mtu anapovuta kisima mpaka chumvi inaingia. Onja maji kila wiki.

Kabla ya kwenda dukani, piga picha ya karatasi ya mgongoni mwa paneli na ya ubavuni mwa betri. Muuzaji akikwambia kontrola yake "inabeba zote", mwombe akuonyeshe pahala palipoandikwa volti za mwisho. Asipopaona, usinunue.