Furaha na Mzigo wa Malezi: Kijitabu cha Afya ya Mtoto Mdogo kwa Kaya za Ololosokwan

Utangulizi

Ololosokwan ni kijiji cha wafugaji katika Tarafa ya Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha, kilicho jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na mpaka wa Kenya. Katika maboma ya kijiji hiki mtoto huzaliwa mikononi mwa watu wengi, kwa kuwa bibi, wake wenza, shangazi, dada wakubwa na majirani wote humhesabu kuwa wao, na wote wana haki ya kumbeba, kumlisha na kumkanya. Hata hivyo kazi nzito za kila siku, yaani kuchota maji, kutafuta kuni, kukamua, kupika, kukandika nyumba na kumpeleka mtoto kliniki, mara nyingi humwangukia mama peke yake, hasa wakati wa kiangazi ambapo wanaume huhamia mbali na mifugo wakitafuta malisho.

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya kaya yenye mtoto aliye chini ya miaka 5. Hoja yake kuu ni kwamba furaha ya malezi na uchovu wa malezi yote mawili ni mambo ya afya: mtoto hustawi pale ambapo furaha hupewa nafasi na mzigo hugawanywa. Hoja hiyo inaafikiana na mwongozo wa malezi uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia, ambao pia ndio msingi wa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa nchini Tanzania Desemba 2021. Programu hiyo ina nguzo tano, nazo ni afya bora, lishe toshelevu, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, pamoja na ulinzi na usalama wa mtoto.

1. Mchezo, mazungumzo na ukuaji wa ubongo

Siku 1,000 za mwanzo, zinazohesabiwa tangu mimba kutungwa hadi mtoto atimize miaka 2, ndicho kipindi ambacho ubongo hukua kwa kasi kubwa kuliko wakati mwingine wowote wa maisha. Katika kipindi hicho mtoto huhitaji malezi yenye mwitikio, yaani malezi ambayo mlezi hutambua ishara ya mtoto, iwe ni kilio, tabasamu, kunyoosha mkono au kugeuza uso, na kuijibu mapema kwa upendo. Mama anayemtazama mtoto machoni anapomnyonyesha, au anayemjibu kwa sauti ileile anayoitoa, anaujenga ubongo wa mtoto huyo bila kutumia hata shilingi.

Mila za Kimasai zina hazina kubwa katika jambo hili. Salamu ambayo mtoto huinamisha kichwa na mtu mzima akakigusa kwa kiganja humfundisha kwamba anatambuliwa na kila mkubwa anayekutana naye, na hadithi za bibi jioni humpa msamiati, kumbukumbu na uwezo wa kusikiliza. Mtoto wa miaka 3 au 4 anayekusanya kokoto nje ya boma, akazizungushia vijiti kama zizi, akaziita nyeupe mbuzi na nyekundu ng'ombe, kisha akazitoa mojamoja kwenda malishoni, anajifunza kuhesabu, kutenganisha rangi na kupanga mambo, huku vidole vyake vikipata wepesi utakaohitajika siku ya kushika kalamu. Mtu mzima akichuchumaa karibu naye na kumuuliza ndama wa ng'ombe yule yuko wapi, au ni mbuzi wangapi waliobaki zizini, mchezo huo hugeuka kuwa darasa kamili.

Baadhi ya wazazi huhofu kwamba mtoto anayeongeleshwa Kimaa nyumbani atachelewa kujua Kiswahili atakapoanza shule. Hofu hiyo haina msingi, kwa sababu mtoto aliyeimarika katika lugha ya mama yake huwa na msingi bora wa kujifunzia lugha nyingine.

2. Kunyonyesha na vyakula vya nyongeza

Mtoto mchanga anapaswa kuwekwa titini ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, ili apate dang'a, yaani maziwa ya mwanzo yenye rangi ya manjano ambayo yamejaa kinga dhidi ya maradhi. Mfugaji anafahamu vyema kwamba ndama aliyekosa dang'a hudhoofika na pengine hufa. Binadamu naye huhitaji dang'a ya mama yake vivyo hivyo. Kwa miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama yanatosha kabisa, na mtoto hapaswi kupewa maji, samli, maziwa ya ng'ombe wala dawa za mizizi, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na mtoa huduma za afya.

Mtoto anapotimiza miezi 6 huanzishiwa vyakula vya nyongeza, yaani vyakula vinavyoongezwa juu ya maziwa ya mama, ambayo yanapaswa kuendelea hadi miaka 2 au zaidi. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 huhitaji milo 2 hadi 3 kwa siku, na wa miezi 9 hadi 23 huhitaji milo 3 hadi 4 pamoja na kitafunwa kimoja au viwili katikati. Uji unapaswa kuwa mzito kiasi cha kutochuruzika kijikoni, na urutubishwe kwa maziwa yaliyochemshwa, samli kidogo, yai, maharage yaliyopondwa, nyama iliyosagwa au mboga za majani, kwa kuwa uji wa mahindi matupu hushibisha tumbo na kuacha mwili na njaa. Hatari hiyo huongezeka kiangazi ng'ombe wanapokauka maziwa, kwani hapo mtoto hupoteza sehemu kubwa ya protini aliyoizoea na hubakiwa na uji pekee.

Utapiamlo, yaani hali ya mwili kukosa virutubisho unavyovihitaji, hupimwa kwa utepe wa rangi unaozungushwa kwenye mkono wa juu wa mtoto mwenye miezi 6 hadi 59. Kipimo kilicho chini ya sentimita 11.5, penye rangi nyekundu, huonyesha utapiamlo mkali unaohitaji matibabu mara moja. Kati ya sentimita 11.5 na 12.5, penye rangi ya njano, mtoto yumo hatarini na anahitaji kufuatiliwa kwa karibu.

3. Maziwa, maji na nzi

Maziwa mabichi yanaweza kubeba vimelea vya brusela, ugonjwa unaosababisha mifugo kutupa mimba na binadamu kupata homa ya muda mrefu na maumivu ya viungo, na yanaweza pia kubeba kifua kikuu cha ng'ombe. Kukifukiza kibuyu kwa kijinga cha mti wa oloirien huyapa maziwa harufu nzuri, lakini hakuchukui nafasi ya kuyachemsha, na kwa hiyo maziwa yote ya mtoto yanapaswa kuchemka ndipo yatiwe kibuyuni.

Nzi wengi huambatana na mifugo, na hutua usoni mwa mtoto wakifuata tongotongo na kamasi. Nzi, vidole na nguo zinazotumiwa na watoto kadhaa kujifutia uso hueneza trakoma, ambayo pia huitwa vikope, ugonjwa wa macho unaosababishwa na bakteria. Mtu akiambukizwa mara nyingi utotoni, sehemu ya ndani ya kope hupata makovu, kope hugeukia ndani na kukwaruza mboni, na hatimaye humletea upofu akiwa mtu mzima. Wanawake huathirika zaidi kwa kuwa wao ndio hukaa karibu na watoto muda mwingi. Kinga yake ya kila siku ni uso safi, na uso wa mtoto husafishwa kwa maji kidogo sana hata wakati wa kiangazi.

Njia rahisi ya kubana maji ni kibuyu chirizi. Dumu la lita 5 hutobolewa tundu dogo karibu na mdomo, hutundikwa kwenye mti kwa kamba, na kamba ya pili hufungwa shingoni mwake na kwenye kijiti kilicho chini. Anayenawa hukikanyaga kijiti, dumu huinama na maji huchirizika, bila mikono michafu kuligusa. Sabuni hutobolewa na kuning'inizwa pembeni. Mtoto wa miaka 3 huweza kujifunza kukitumia, na kwake kazi hiyo huwa mchezo.

4. Moshi na moto ndani ya nyumba

Nyumba ya asili huhifadhi joto vizuri katika baridi ya usiku, lakini moshi wa kuni unaozunguka ndani huyaathiri mapafu ya mtoto na kumwongezea hatari ya nimonia, yaani uambukizo wa mapafu. Inashauriwa tundu la kutolea moshi lipanuliwe, kuni ziwe kavu, mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kuchochea moto, na kaya yenye uwezo itumie jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi nje.

Mtoto anayetambaa huvutwa na mwanga wa moto, hivyo mafiga yanapaswa kuzungushiwa kizuizi cha mawe au miti mibichi. Mtoto akiungua, sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, ifunikwe kwa kitambaa safi, na mtoto apelekwe zahanati. Dawa ya meno, mafuta na samadi huongeza madhara na hazipaswi kupakwa. Samadi haipaswi kupakwa pia kwenye kitovu cha mtoto mchanga, kwa sababu huweza kuleta pepopunda.

5. Maradhi ya kawaida na dalili za hatari

Mtoto anayeharisha hupoteza maji na chumvi, na upungufu huo wa maji ndio humuua upesi. Pakiti moja ya ORS, yaani unga wa kurudishia maji na chumvi mwilini, huchanganywa na lita 1 ya maji safi na salama na kutumika ndani ya saa 24. Kila baada ya kuharisha, mtoto aliye chini ya miaka 2 hupewa robo hadi nusu kikombe, na mkubwa zaidi hupewa nusu hadi kikombe kizima, kwa kunyweshwa kidogo kidogo. Akitapika, mlezi husubiri dakika 10 kisha huendelea polepole zaidi. Vidonge vya zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma, na mtoto huendelea kunyonya na kula.

Nimonia hutambuliwa kwa kuhesabu pumzi kwa dakika 1 nzima mtoto akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, huonyesha kwamba anahitaji tiba haraka.

Mtoto anapaswa kupelekwa kituoni bila kuchelewa, usiku au mchana, anapoonyesha mojawapo ya dalili hizi:

- Anashindwa kunyonya au kunywa.
- Anatapika kila anachopewa.
- Amepata degedege.
- Amelegea, haamki au amepoteza fahamu.
- Kifua chake kinabonyea ndani anapovuta pumzi.

Baadhi ya watu huamini kwamba homa na kuharisha kwa mtoto mchanga husababishwa na meno ya plastiki, au kwamba kikohozi huponywa kwa kukata kimeo. Kinachoitwa meno ya plastiki ni vichipukizi vya meno ya kawaida ambavyo havijatokeza, na kuving'oa, kama kukata kimeo, huweza kumtoa mtoto damu nyingi, kumwambukiza vimelea na kuchelewesha tiba ya ugonjwa halisi.

6. Kliniki na chanjo

Chanjo hutolewa mtoto anapozaliwa, kisha akiwa na wiki 6, 10 na 14, na tena akiwa na miezi 9 na miezi 18. Humkinga dhidi ya kifua kikuu, polio, dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, nimonia, kuharisha kunakotokana na virusi vya rota, surua na rubela. Kaya inayohama na mifugo inapaswa kuhama na kadi ya kliniki, kwa sababu mtoto anaweza kuchanjwa katika kituo chochote, na aliyekosa dozi huendelea alipoishia pasipo kuanza upya.

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza kwamba mtoto wa chini ya miaka 5 na mjamzito wahudumiwe bila malipo katika vituo vya umma. Mgonjwa ambaye maradhi yake yanazidi uwezo wa kituo cha kijijini hupelekwa kwa rufaa katika hospitali, ikiwemo Hospitali ya Wasso. Kwa dharura ya mjamzito, mama aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga, namba 115 hupigwa bila malipo ili kupata usafiri kupitia mfumo wa m-mama.

7. Hasira za mtoto na uchovu wa mlezi

Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anayejitupa chini na kupiga mayowe kwa sababu amenyimwa kisu au amezuiwa kuwafuata mbuzi hana utovu wa adabu. Sehemu ya ubongo inayotuliza hasira bado haijakomaa, na maneno ya kueleza anachokitaka hajayapata. Kumchapa humwongezea hofu na hakumfundishi kujituliza. Mlezi anashauriwa kuondoa kitu cha hatari, kukaa karibu kwa utulivu, kumtajia anachokihisi kwa maneno machache, kisha kumpa jambo jingine la kufanya.

Utulivu huo ni mgumu kwa mlezi aliyechoka. Mama anayelia mara kwa mara, kukosa usingizi hata mtoto anapolala, kujiona hafai au kukosa hamu ya kumshika mtoto kwa zaidi ya wiki 2 anaweza kuwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ambao hutibika. Hali hiyo si uvivu wala laana, na mama huyo anastahili kusindikizwa kituoni na mtu anayemwamini. Kupumzika kwa angalau miaka 2 kabla ya kubeba mimba nyingine, kwa msaada wa uzazi wa mpango, humrudishia nguvu na kumwachia mtoto muda wa kunyonya kikamilifu.

8. Makubaliano ya kaya

Kabla mtoto hajazaliwa, na tena kabla ya wanaume kuhama na mifugo, kaya inashauriwa kukaa kikao na kukubaliana mambo manne: nani atachota maji na kuni mama anaponyonyesha, ng'ombe au mbuzi gani wa maziwa watabaki nyumbani kwa ajili ya watoto, fedha ya nauli ya dharura itawekwa kwa nani, na nani atampeleka mtoto kliniki mama akiugua. Baba ana nafasi ya pekee katika kikao hicho, kwa kuwa maamuzi kuhusu mifugo na safari kwa kawaida ni yake, na mbuzi mmoja wa maziwa anayeachwa bomani kwa amri yake huweza kumwepusha mtoto na utapiamlo msimu mzima. Baba anayembeba mtoto, kumwosha uso na kucheza naye kokoto humjengea afya na hapunguzi heshima yake hata kidogo. Wazee wa boma wanaombwa kulisimamia jambo hili kwa uzito uleule wanaoutumia kugawa malisho na maji, kwa maana mtoto ni wa boma zima, na kazi ya kumlea inapaswa kuwa ya boma zima pia.