SOMO LA AFYA: SAFARI YA VIRUSI VYA UKIMWI MWILINI



Mwezi huu twajifunza jinsi virusi vya UKIMWI (VVU) vifanyavyo kazi mwilini tangu siku ya kuingia. Tumechagua somo hili kwa kuwa wapo wenzetu, hapa Mugumu na vijijini, wanaoacha dawa mara wajionapo wazima. Na wengine huziacha baada ya kuombewa. Yafaa tuielewe vizuri safari hii.

Walinzi wa boma
Damu yetu ina chembe nyeupe zinazopigana na magonjwa. Baadhi yake huitwa CD4. Hizi ni kama mlinzi apigaye yowe kuwaamsha wenziwe adui anapoingia bomani. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 500 na 1,500 katika milimita moja ya ujazo wa damu. VVU humwingia mlinzi huyu huyu, huzaliana ndani yake, kisha humwua.

Hatua ya kwanza
Wiki 2 hadi 4 baada ya kuambukizwa, wengi hupata homa, koo kuuma, vipele au tezi kuvimba. Hudhani ni malaria, na baada ya siku chache hupata nafuu. Wakati huo virusi ni vingi mno na huambukiza kwa urahisi, lakini kipimo huenda kisionyeshe kitu. Ndiyo sababu mtu huambiwa arudi kupimwa tena.

Hatua ya pili
Hiki ni kipindi cha kimya. Bila dawa chaweza kuchukua miaka 10 hivi. Mtu analima, anachunga, anaimba kwaya. Hakuna awezaye kumtambua kwa macho. Hata hivyo CD4 zapungua mwaka hata mwaka, naye aweza kuambukiza. Wagonjwa wa kwanza 3 wa nchi yetu walitambuliwa ng'ambo ya ziwa, mkoani Kagera, mwaka 1983. Kwa hesabu hii twaona kwamba virusi vilikwisha kutembea kimya kimya kabla ya mwaka huo.

Hatua ya tatu
CD4 zikishuka chini ya 200, huo ndio UKIMWI wenyewe. Boma halina mlinzi. Huingia kifua kikuu, utando mweupe kinywani, kuhara kusikokoma, homa ya uti wa mgongo. Bila dawa, maisha yaliyobaki kwa kawaida ni miaka 3 hivi.

Kazi ya dawa
Dawa za ARV huzuia virusi visizaliane, nazo CD4 hupanda tena. Lakini vipo virusi vilivyolala ndani ya chembe, ambavyo dawa hazivifikii. Mtu akiacha dawa, huamka baada ya wiki chache, na vyaweza kuwa sugu. Akimeza kila siku, kwa kawaida ndani ya miezi 6 virusi hupungua hata kipimo kisivione. Akidumu hivyo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Serikali ilianza kutoa dawa hizi bure mwaka 2004, na tangu 2016 anayekutwa na virusi huanzishiwa dawa bila kungoja CD4 zishuke.

Sala na dawa
Sala na dawa hazishindani. Basi aliyeombewa na amshukuru Mungu, na aendelee kumeza vidonge vyake. Kipimo kisipoona virusi, hiyo ni kazi ya dawa, wala si ruhusa ya kuziacha. Nasi tulio viongozi wa vikundi tusimwambie mtu yeyote kwamba kumeza dawa ni kukosa imani. Neno kama hilo laweza kumwua.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi
1. Kwa nini hatuwezi kumtambua mwenye VVU kwa kumtazama?
2. Kwa nini dawa ziendelee hata kipimo kisipoona virusi?
3. Someni 1 Wakorintho 12:12–27. Tufanye nini ili ndugu yetu asione haya kwenda kliniki?