Kupasuliwa Goti au Kutopasuliwa: Mafunzo Niliyopata

Ligamenti ya mbele ya goti, ile ambayo wachezaji wote wanaiita ACL, ilinikatikia kwenye bonanza la maveterani bila kuguswa na mtu. Nilikita mguu, nikageuka kuufuata mpira, goti likalia "ko!". Refa akaniambia niinuke, niache maigizo. Magharibi haijaingia, goti lilikuwa limejaa, suruali haipandi.

1. Eksirei safi si goti zima

Eksirei inaonyesha mfupa. Ligamenti haionekani humo. Zahanati ya kwanza walitazama picha, wakasema hakuna kilichovunjika, wakanipa vidonge vya maumivu. Daktari bingwa wa mifupa alianza na mikono. Alinilaza, akakunja goti kidogo, mkono mmoja ukashika paja, wa pili ukavuta muundi kuja mbele. Mguu mzima uligota mahali. Ulioumia uliteleza kama droo ya kabati. Hapo jibu alikuwa nalo tayari. MRI aliitaka ili ajue ni nini kingine kimeharibika humo ndani.

2. Mchuaji asubiri

Goti bichi lililovimba halitaki kunyongwanyongwa, hata kama mchuaji ni mjomba wako. Barafu, bandeji, mguu juu ya mto.

3. Ligamenti haishonwi

Mtaani tunasema "ameshonwa goti". Kwa kawaida hakuna kinachoshonwa: daktari anachukua kano ya nyuma ya paja, au kipande cha ile iliyo chini ya pia ya goti, anatoboa mfupa na kuipitisha pale ilipokuwa ACL. Kano hiyo ngeni inahitaji miezi mingi kuzoea kazi. Nilipoelewa hivyo, niliacha kuufikiria upasuaji kama kuziba pancha.

4. Yapo magoti yasiyosubiri

Goti lililokwama, halinyooki kwa sababu kipande cha gegedu kimejikunja katikati, linatakiwa kuingia chumba cha upasuaji mapema. Goti lililochomoka kabisa, mguu ukawa wa baridi au umekufa ganzi, ni dharura ya saa hiyohiyo, maana mshipa mkubwa wa damu unaweza kuwa umeumia. Ligamenti ya upande wa ndani, kinyume chake, mara nyingi inapona yenyewe ikisaidiwa na mazoezi. Langu halikuwa katika makundi haya, kwa hiyo nilikuwa na muda. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba muda upo.

5. Kusubiri kumepimwa

Daktari alinieleza utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2010. Vijana 121 wapenda michezo, wa umri wa miaka 18 hadi 35, waligawanywa kwa kura: 62 wapasuliwe mapema kisha wafanye mazoezi, 59 waanze na mazoezi, na upasuaji ufuate ikibidi. Baada ya miaka miwili hali zao zililingana, na kati ya wale 59, waliokwenda kupasuliwa ni 23. Kufikia mwaka wa tano walikuwa 30.

Wachezaji wa kulipwa hawakuwemo. Tena utafiti wa Uingereza wa mwaka 2022, wa watu ambao magoti yaliendelea kuwaachia muda mrefu baada ya kuumia, ulionyesha kwamba waliopangiwa upasuaji walipata nafuu zaidi. Ukisomewa mmoja tu kati ya tafiti hizi mbili, ujue anayekusomea ana upande.

6. Picha ya MRI haiamui

Daktari aliniuliza swali ambalo nadhani ndilo lenye uzito kuliko yote: unataka goti hili likufanyie nini? Kutembea na kupanda ngazi kunawezekana bila ACL, misuli ya paja ikiwa imara. Kazi yake inaonekana pale unapogeuka ghafla. Mimi ni mwalimu, nasimama darasani. Mpira ulikuwa wa Jumapili na ulikuwa unaniaga. Nilichagua mazoezi, kwa sharti moja: goti likianza kuniachia mara kwa mara narudi kwa daktari, kwa sababu kila likiachia linaweza kusaga gegedu. Winga wetu, kijana anayesaka timu, ambaye naye ACL ilimkatikia, alichagua kisu. Kwa goti lake ningechagua vilevile.

7. Mazoezi hayakwepeki

Winga alidhani upasuaji utamwondolea kazi. Tulikutana kliniki moja, tukashushwa kwenye kigoda kwa mguu mmoja, taratibu, goti lisiingie ndani, wote jasho likitutoka. Kurudi kwenye michezo ya kugeukageuka kabla ya miezi tisa tangu upasuaji kunaongeza hatari ya kuumia tena. Kwa hiyo, kabla ya kusaini fomu, uliza bima inalipia mazoezi ya miezi mingapi. Yetu ililipa kidogo mno, na wazazi wa winga ndio waliomalizia.