Vikwazo vya Mafuta Vikitangazwa: Isome Habari Kabla Hujagusa Akiba Yako

Redio ikitangaza vikwazo vya mafuta asubuhi, kufika jioni kila mtu kijiweni ni mchumi. Kama una hisa, hati fungani au akiba ya dola, usimpigie dalali simu kabla hujapita hatua hizi.

Hatua ya 1: Uliza mapipa yamepotea au yamebadili njia. Hapa ndipo pa kukaa zaidi. Oktoba 1973, vita vya Waarabu na Israeli vikiendelea, nchi za Kiarabu zenye mafuta zilipunguza uzalishaji na kuzinyima mafuta Marekani na Uholanzi. Mapipa yalipungua kweli, na bei ikatoka dola 3 hivi kwa pipa hadi karibu 12 mwanzoni mwa 1974. Sasa tazama Desemba 5, 2022, Umoja wa Ulaya ulipoyakataa mafuta ghafi ya Urusi yanayokuja kwa meli. Urusi haikufunga visima; meli ziligeuza omo kuelekea India na China, mzigo ukauzwa kwa punguzo. Siku chache baadaye Brent, mafuta ghafi ambayo bei yake ni kipimo cha soko la dunia, ilikuwa chini ya dola 80 kwa pipa.

Hatua ya 2: Shika kalenda. Soko hulipia hofu mapema. Brent hiyohiyo ilikwishagusa dola 139 mwezi Machi 2022, siku chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine. Aliyengoja hadi Desemba ndipo anunue alikuta shughuli imekwisha, watu wanakunja mikeka.

Hatua ya 3: Fuata pesa inakopita. Mafuta yakipanda, hisa za mashirika ya ndege kwa kawaida hushuka na za wachimbaji wa mafuta hupanda. Hilo ni jepesi. Zito ni riba. Bei za vitu zikipanda, benki kuu huongeza riba, na hati fungani ulizonunua zamani hupungua thamani. Ila usiyatwike mafuta kila kosa: soko la hisa la New York lilipoteza karibu nusu ya thamani yake katika 1973 na 1974, lakini lilianza kuporomoka Januari 1973, vikwazo bado havijasikika.

Hatua ya 4: Rudisha hesabu nyumbani. Sehemu kubwa ya petroli na dizeli yetu Afrika Mashariki hutoka upande wa Ghuba, nayo hulipwa kwa dola. Kwa hiyo tazama namba mbili pamoja, bei ya pipa na thamani ya shilingi, maana pipa laweza kushuka na shilingi ikalila punguzo lote. EWURA, mdhibiti wa nishati Tanzania, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi; EPRA, mwenzake wa Kenya, tarehe 14. Na bei unayoikuta kituoni leo ni ya shehena iliyonunuliwa wiki kadhaa zilizopita.