Kuliamsha Lori Lililolala: Fedha ya Chama Ianzie Kwenye Breki

Nyuma ya ghala la chama cha msingi, chini ya mwarobaini, aghalabu huonekana lori kuukuu la dizeli ambalo halijatembea kwa miaka kadhaa. Matairi yamelala, kuku wanataga ndani ya kebini, na kila msimu wa pamba unapokaribia mwanachama mmoja husimama mkutanoni akauliza kwa nini chama kinakodi magari ya watu ilhali kina gari lake. Swali hilo ni la haki. Gharama ya kukodi hukatwa katika fedha ile ile ambayo ingemfikia mkulima. Tena malori ya zamani kama Bedford TJ na Isuzu TXD yalijengwa kwa vyuma vinene, hayana kompyuta, na fundi wa mji mdogo aweza kuyafungua kwa spana zake mwenyewe. Si ndoto, basi, kwamba gari la namna hiyo laweza kurudi barabarani.

Hasara imo katika namna kazi hiyo inavyoanzwa. Betri huazimwa, lita tano za dizeli humiminwa, stata hupigwa mpaka moshi utoke, na watu hushangilia. Tangu siku hiyo wajumbe wa Bodi huamini kwamba gari limepona, na mengine yote huitwa "vitu vidogo vidogo". Fedha iliyopitishwa huishia kwenye injini, kisha lori hupakiwa pamba likiwa na breki zilizooza. Injini inayokataa kuwaka humchelewesha mkulima. Breki inayokataa kukamata humuua dereva na utingo wake, pamoja na ye yote aliye mbele yao mteremkoni. Kwa sababu hiyo ukaguzi na matumizi yapasa kufuata mpangilio ulio kinyume cha ule uliozoeleka: breki, matairi na usukani kwanza, injini baadaye.

Kabla ya spana yo yote kushikwa, kadi ya gari isomwe. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na kazi zake zikachukuliwa na mamlaka za mazao, kisha sheria ya mwaka 1982 ikaruhusu vyama hivyo virudi. Katika kuhama huko mali nyingi zilibadili mikono, na si kila mara karatasi zilifuata. Lori lililosimama katika kiwanja cha chama laweza kuwa bado limeandikwa kwa jina la chama kikuu, au la chombo ambacho hakipo tena. Katibu anayetumia fedha ya wanachama kulitengeneza gari la namna hiyo analitengenezea mtu mwingine, na mkaguzi wa hesabu hatakuwa na mahali pa kuiweka gharama hiyo. Namba ya chesisi ilinganishwe na iliyoandikwa kwenye kadi, na shauri la umiliki limalizwe kwa maandishi.

Likiisha hilo, Bodi imwite fundi wa kukagua, naye asiwe yule atakayelipwa kutengeneza. Fundi anayejua kwamba kazi itakuwa yake hawezi kusema kwa moyo mmoja kwamba gari halifai. Alipwe ujira wake wa siku na aandike makisio ya kila sehemu peke yake. Bodi ipange kiwango ambacho haitakivuka, kiwango hicho kiwe ndani ya makisio ya matumizi yaliyopitishwa na mkutano mkuu, kisha ijumlishe breki, matairi na usukani. Ikiwa hesabu ya hivyo vitatu pekee imekaribia kiwango, injini isifunguliwe kabisa, na mazungumzo yahamie kwenye kuliuza gari kwa zabuni kwa kufuata taratibu za Mrajis. Wengi huona uchungu kufikia uamuzi huo. Lakini kuuza chuma chakavu mapema ni nafuu kuliko kukiuza baada ya kukitia mamilioni.

Breki za malori mengi ya aina hii ni za oili. Oili ya breki ina tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani, hivyo gari likikaa miaka, maji yaliyonyonywa huanza kula silinda kuu na silinda ndogo za magurudumu kwa ndani. Raba zake hukauka na kuwa ngumu. Mipira ya breki inayokwenda kwenye magurudumu huvimba kwa ndani hata kama nje inaonekana salama. Oili husukumwa ikaingia lakini hairudi, na gurudumu hubaki limekamatwa. Viatu vya breki hushikana na dramu kwa kutu, na lainingi iliyobandikwa kwa gundi yaweza kubanduka nzima pindi gari linapovutwa kwa nguvu. Kwa hiyo lori lisivutwe kwa trekta eti magurudumu "yafunguke". Linyanyuliwe kwa jeki, likae juu ya magogo imara, na dramu zote zivuliwe, hata ile inayozunguka vizuri.

Raba na mipira yote ibadilishwe, na mabomba ya chuma yakaguliwe hasa pale yanapopita chini ya vikamatio, maana maji na matope hukaa hapo. Malori mengi ya miaka ile yana njia moja tu ya oili kwa magurudumu yote, hivyo bomba moja likipasuka hakuna breki inayobaki isipokuwa ya mkono. Kutokana na ujenzi huo, bomba lenye kutu nusu halipewi msimu mmoja zaidi. Tena isimiminwe oili ya injini kwenye kopo la breki kwa kukosa ile yenyewe. Oili ya namna hiyo huvimbisha raba zote, na kazi iliyofanywa hurudiwa tangu mwanzo.

Baada ya kutoa upepo katika mabomba, dereva akanyage pedali kwa nguvu na kuishikilia kwa muda wa dakika moja. Ikizama polepole, oili inavuja mahali, na mara nyingi ni ndani ya silinda kuu ambako haionekani. Jaribio jingine linahusu msaada wa vakyumu. Injini ya dizeli haitoi vakyumu ya kutosha yenyewe, hivyo malori haya yana pampu ya pekee kwa kazi hiyo. Injini ikiwa imezimwa, pedali ikanyagwe mara kadhaa hadi iwe ngumu, mguu ubaki juu yake, kisha injini iwashwe. Pedali yapasa kushuka kidogo. Isiposhuka, msaada haupo, na lori lililojaa mzigo halitasimama kwa mguu wa dereva peke yake. Jaribio hili hungoja injini iwe tayari, nalo ndilo la mwisho kwa upande wa breki. Kwenye malori yenye breki za upepo, raba za ndani hukauka vile vile, na matangi ya upepo hujaa maji ambayo lazima yamwagwe.

Kuhusu matairi, macho hudanganya. Tairi lenye kashata nzito laweza kuwa limekufa kwa umri. Matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000 huwa na tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Ubavu ukiwa na nyufa, au gari likiwa limesimama juu ya tairi lisilo na upepo, tairi hilo halifai kwa mzigo. Hatari kubwa zaidi ni rimu za vipande zenye ringi ya kufungia. Ringi iliyoliwa na kutu huweza kufyatuka wakati wa kujaza upepo na kumuua aliye mbele yake. Upepo utolewe wote kabla ya kufungua, kutu ikwanguliwe, ringi iliyopinda itupwe, na wakati wa kujaza gurudumu liwe ndani ya kizimba cha chuma au limefungwa minyororo, mjazaji akiwa pembeni na mpira mrefu. Vijana wa gereji za kando ya barabara hulicheka jambo hili. Katibu asikubali kucheka nao.

Usukani hauna maneno mengi: kingpini zipigwe grisi hadi ile ya zamani itoke, viungo vya mikono ya usukani vitikiswe huku mtu mwingine akitazama, na cho chote chenye mchezo kibadilishwe. Springi zenye jani lililovunjika ziandikwe kwenye orodha, na chesisi igongwe kwa nyundo kutafuta mahali ambapo kutu imepenya.

Hapo ndipo injini ipate zamu yake, nayo ifuatwe kwa subira. Jambo la kwanza ni oili. Nati ya chini ya sampu ilegezwe taratibu, maana maji, yakiwamo, hukaa chini ya oili na ndiyo hutoka kwanza. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa inaonyesha kwamba maji yamechanganyika nayo, na sababu yake itafutwe kabla ya kumimina mpya. Kisha nozeli zote zifunguliwe, oili nyepesi kidogo imiminwe katika kila silinda, na gari liachwe siku moja au mbili ili pistoni zilizoshikwa na kutu zilegee. Baadaye injini izungushwe kwa mkono, kwa spana kwenye puli ya mbele, mizunguko miwili kamili, kwa kuwa ndiyo inayomaliza zamu ya silinda zote. Kuacha nozeli nje kuna faida kubwa: kama maji yaliingia katika silinda, yatarushwa nje bila madhara. Nozeli zikiwamo, maji hayashindiliki kama hewa, na stata au trekta likilazimisha, konrodi hupinda. Injini iliyokuwa ya kusafishwa tu huwa ya kubomolewa.

Tangi la dizeli lishushwe na kuoshwa. Maji ya unyevu hukaa chini yake, vijidudu huota mahali maji na dizeli vinapokutana, na uchafu huo ukifika kwenye pampu ya nozeli huiharibu, kwa kuwa nafasi kati ya vipande vyake vinavyosuguana ni elfu chache tu za milimita. Chujio ziwe mpya. Pampu yenyewe isifunguliwe kiwanjani kwenye vumbi, bali ipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kuipima.

Zaidi ya hayo, kabla ya kuwasha, wenzo wa kukata mafuta kwenye pampu ujaribiwe kwa mkono. Injini ya dizeli haina plagi za cheche, hujiwasha kwa joto la hewa iliyoshindiliwa, na nyingi za zamani hazizimwi kwa ufunguo. Pampu iliyoganda kwa dizeli ya zamani ikishika mahali pa mafuta mengi, injini hukimbia bila kizuizi hadi ivunjike. Kwa sababu hiyo mtu mmoja asimame karibu na mlango wa hewa akiwa na ubao wa kuuziba. Asitumie kiganja wala kitambaa, maana huvutwa ndani. Bakuli la oili la chujio la hewa nalo lisijazwe kupita alama, kwa kuwa injini huweza kuifyonza oili hiyo na kuichoma kama mafuta.

Upepo utolewe kuanzia chujio, kisha pampu, kisha nati za mabomba ya nozeli. Mikono ikae mbali na mafuta yanayoruka. Dizeli inayotoka kwenye nozeli hupenya ngozi, na kidonda chake kidogo kisichouma sana ni cha kupelekwa hospitali saa ile ile. Kwanza stata ipigwe huku mafuta yamekatwa, mpaka geji ya oili ionyeshe kwamba oili imepanda, ndipo wenzo uachiliwe.

Wakati kazi inaendelea, kila spea iingie katika leja ya stoo kabla ya kufungwa, na kila kipande kilichotolewa kirudishwe stoo, kifungwe lebo na kihesabiwe na wajumbe wawili. Pasipo vipande vya zamani hakuna ushahidi kwamba vipya vilifungwa. Upande wa karatasi, ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, hivyo isionekane tena katika makisio ya mtu. Bima, ukaguzi wa polisi wa usalama barabarani, na leseni ya LATRA kama gari litabeba mizigo ya watu kwa malipo, bado vinahitajika.

Safari ya kwanza iwe tupu, ndani ya kiwanja, kisha kilometa chache barabarani kwa mwendo mdogo. Dereva akisimama, auguse kwa tahadhari kila dramu: iliyo ya moto kuliko nyingine, breki yake haiachii. Nati za magurudumu zikazwe upya baada ya kilometa 50 hivi, na oili ya injini imwagwe baada ya saa chache za kazi, kwani itakuwa imebeba kutu na uchafu wa miaka yote ile. Safari ya pili ichukue nusu ya mzigo. Kila safari iandikwe katika kitabu cha gari: kilometa, lita za dizeli, maji yaliyoongezwa kwenye rejeta, na oili ya breki iliyoongezwa. Ikiwa kopo la breki limedai oili hata kidogo katika wiki ya kwanza, lori lirudi juu ya magogo, hata kama pamba inangoja ghalani.